Kipimo Kijaribiwe kwa Damu, si kwa Maji Safi

Mheshimiwa mwenyekiti, wakuu wa maabara na ndugu zangu wa Chake Chake, neno nitakalolisema wengi wenu mmeshalisikia kwangu, na ninalirudia kwa sababu bado tunaletewa bayosensa za mkononi, yaani vyombo vidogo vya kupima dalili za ugonjwa katika damu, zinazosifiwa kwa usikivu wa kugundua hata kiasi kidogo mno, wala haulizwi mtu usikivu huo ulipimwa ndani ya kitu gani.

Katika aina moja mashuhuri ya vyombo hivi mna utando wa dhahabu wa nanomita 50 hivi, uliopandikizwa kingamwili. Protini inaponasa hapo, mwanga unaoakisiwa na dhahabu hubadilika, nasi tunalisoma badiliko hilo. Liedberg, Nylander na Lundström walilithibitisha jambo hili Uswidi mwaka 1983, na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba mwanga hautambui kilichonasa. Mzani wa karafuu hupima karafuu pamoja na makonyo na mchanga, na dhahabu nayo huhesabu kila kilichoigandama. Lita moja ya seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, ina takriban gramu 40 za albumini, protini ya kawaida ya damu, ilhali troponini, protini inayovuja moyo unapoumia na kututia shaka juu ya mgonjwa, huweza kuwa nanogramu 40 tu, yaani uzito mdogo mara bilioni moja. Chembe ya albumini ikinata pasipo mahali pake, jibu limeshaharibika. Ndiyo maana nadai chombo kiwe na mfereji wa pili wa kupitishia sampuli, usio na kingamwili ya troponini, ili kilichonata ovyo kitolewe katika hesabu. Chombo kisichokuwa nao nisingekipokea hata kikitolewa bure.

Najua nitaambiwa kwamba vipimo vya haraka vya malaria vinatufaa miaka yote hii. Vinatufaa, lakini vingi hutafuta protini ya HRP2, ambayo vimelea huitoa kwa wingi, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Moyo hutaka tarakimu, tena tarakimu inayolinganishwa baada ya saa chache.

Joto nalo halisamehe: nyuzi moja ya Selsiasi huugeuza mpindo wa mwanga katika maji, ambao ndio chombo hiki husoma, kwa takriban 0.0001, badiliko linaloweza kuizidi ishara ya troponini yenyewe.

Ninachoomba ni kimoja: kabla chombo hakijapelekwa Micheweni, sampuli zilezile za damu za wagonjwa wetu zipimwe kwacho na kwa mashine kubwa ya maabara, mchana wa kaskazi, na majibu yote mawili yabandikwe ukutani.