Jinsi ya Kumpata na Kumtazama Buibui Kaa Mawindoni

Karibu mtazamaji. Leo tunamtafuta buibui kaa, mwindaji asiyetega utando. Andaa kioo cha kukuzia na subira.

Nenda kwenye maua yaliyochanua, jua likishapanda na nyuki wakiwa kazini. Usihangaike kumtafuta buibui mwenyewe, maana utampita. Tafuta nyuki aliyetulia kupita kiasi, mabawa hayatikisiki, wenzake wakitua na kuruka pembeni. Ukimwona, inama uchungulie chini ya kichwa chake.

Huyo hapo! Tazama miguu: jozi mbili za mbele ni ndefu na nene kuliko za nyuma, na akisogea huenda upande upande. Hapo ndipo alipopatia jina.

Sasa angalia rangi. Jike wa aina iitwayo Misumena vatia hugeuka kutoka mweupe kuwa wa njano kulingana na ua alilokalia. Hageuki papo hapo. Huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo rudi pale pale kila siku umpige picha.

Kuliona shambulio lenyewe, kaa chini na usiliangushie ua kivuli. Miguu ya mbele imetanuliwa, imetulia tuli. Nyuki anatua, anazamisha kichwa kutafuta nekta, na ghafla amekumbatiwa na kuumwa nyuma ya kichwa. Sumu inamlegeza haraka, ingawa mara nyingi amemzidi buibui kwa ukubwa. Mimi sijaona uwindaji unaonivutia zaidi ya huu. Buibui hatafuni: humtia maji ya kumeng'enya, kisha humfyonza. Kinachodondoka ni ganda, kwa nje zima, ndani tupu.

Ukiona kibuibui chembamba kimempanda jike mgongoni, usidhani ni mtoto. Huyo ni dume.

Baadaye kagua majani yaliyokunjwa na kushonwa kwa hariri. Usiyafungue, tafadhali! Ndani mna mfuko wa mayai, na jike anaulinda. Wakati huo hula kidogo sana au hali kabisa, na wengi hufa baada ya ulinzi huo.

Watoto hujivua ngozi mara ya kwanza wakiwa bado mfukoni, ndipo hutoka. Ukiwaona wamepanda ncha za majani na kuinua matumbo juu, washa kamera na usipumue karibu nao: kila mmoja anatoa uzi wake, na upepo ukivuma kidogo tu unambeba.