Ukurasa wa Mwisho wa Agrimenti

NEKESA: Karibuni wasikilizaji. Tuko Nakuru, Section 58, na mvua imeshika tangu saa tisa, kwa hivyo mkisikia mabati yakilia msishangae. Mimi ni Nekesa. Kabla ya kipindi hiki nilikuwa karani katika ofisi ya wakili kwa miaka kumi na mmoja.

BARAKA: Na mimi ni Baraka. Leo nimekuja na bahasha, dada. Ndani yake kuna agrimenti, yaani mkataba, ambao shangazi yangu alinunulia nyumba yake, ile ya vyumba vitatu kule Lanet. Yeye mwenyewe ameniruhusu niizungumzie, ila majina tutayaacha.

NEKESA: Toa. Halafu nisomee ukurasa wa mwisho kwanza. Ofisini tulikuwa tunaanzia huko. Bei na mipaka utazikuta tu, lakini karatasi hufia kwenye ukurasa wa mwisho.

BARAKA: Haya. Juu pameandikwa "Muuzaji", kisha nukta, na juu ya nukta kuna sahihi ya wino wa bluu. Chini yake "Mnunuzi", nukta tupu. Hapajaandikwa kitu. Halafu "Mashahidi": sahihi mbili, namba ya kitambulisho moja. Muhuri wa mzee wa mtaa umegongwa pembeni, nusu yake imetoka nje ya karatasi. Tarehe ina siku na mwezi. Mwaka hauko.

NEKESA: Shangazi hakutia sahihi kwa nini?

BARAKA: Nilimuuliza swali hilo hilo. Akaniambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyetoa pesa. Anayetia sahihi ni anayepokea."

NEKESA: Unaona? Na si yeye peke yake. Nimewasikia akina mama wa soko, walimu, hata askari wastaafu wakisema hivyo. Wanaichukulia agrimenti kama risiti. Risiti ndiyo hutiwa sahihi na aliyepokea. Mkataba wa ardhi ni kitu kingine kabisa. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, kifungu cha 3(3), inataka mambo matatu: mkataba uwe wa maandishi, pande zote ziutie sahihi, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo ilipotiwa. Likikosekana moja, huwezi kwenda mahakamani ukasema, "Nadai ardhi kwa mkataba huu."

BARAKA: Hata kama umelipa pesa zote?

NEKESA: Hata kama umelipa zote na risiti unazo. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawaelezwi. Sheria haikuwa hivi siku zote. Zamani, mnunuzi aliyekuwa ameshaingia kwenye ardhi, akalima au akajenga, aliweza kushitaki hata bila mkataba wa maandishi. Mabadiliko yalianza kutumika tarehe 1 Juni 2003. Wazee wetu walinunua mashamba kwa kuaminiana, kukata mpaka na kupanda miti, na sheria ya wakati ule iliwasikiliza. Watoto wao tunafanya vile vile, lakini chini ya sheria nyingine. Mimi siwalaumu wazee. Nawalaumu tunaoandika hizi karatasi na kuwapa watu bila kuwaeleza.

BARAKA: Hii iliandikwa na mpiga chapa mwenye kibanda karibu na ofisi za ardhi. Shangazi alilipa shilingi mia tano.

NEKESA: Mpiga chapa hana kosa kubwa, ameandika alichoambiwa. Hebu niambie kuhusu hawa mashahidi.

BARAKA: Mmoja ni dalali. Huyo alikuwepo. Wa pili ni jirani, na yeye alipelekewa karatasi dukani kwake kesho yake. Akatia sahihi juu ya gunia la mahindi, akarudisha.

NEKESA: Basi huyo wa pili si shahidi. Shahidi ni yule aliyeona mkono ukiandika. Mambo yakiwa mazuri hakuna atakayeuliza. Mambo yakiharibika, yule jirani atasimama mbele ya hakimu na wakili wa upande wa pili atamuuliza: Mlikuwa wangapi chumbani? Nani alianza kutia sahihi? Meza ilikuwa wapi? Nimekaa nyuma ya chumba cha mahakama nikamwona mzee mwenye heshima zake akitoka jasho kwa maswali kama hayo. Si kwamba ni mwongo. Ni kwamba hakuwepo.

BARAKA: Na muhuri wa mzee wa mtaa? Shangazi aliutegemea sana ule muhuri.

NEKESA: Mzee wa mtaa au chifu anaweza kuwa shahidi kama mtu mwingine yeyote, akikaa pale, akaona, akaandika jina lake na kutia sahihi yake. Muhuri peke yake hausemi nani aliona nini. Na kwa wale wasiojua kuandika, alama ya kidole gumba inakubalika. Sheria inatambua alama. Lakini hapo mtu asomewe karatasi nzima kwa lugha anayoielewa, na iandikwe kwamba alisomewa.

BARAKA: Sasa niwaeleze kilichotokea. Ilikuwa mwaka wa 2014, bei ni laki nane na nusu. Alitoa laki tano mkononi, laki tatu na nusu benki. Akahamia. Akachimba choo, akazungusha ua, akavuta stima. Muuzaji alikuwa akipita kila Jumapili kumsalimia, anakunywa chai. Hati ya umiliki ikabaki kwa jina la muuzaji kwa sababu kila mwaka ni "tutaenda, mama, tutaenda." Mwaka wa 2019 yule mzee akafariki.

NEKESA: Na watoto wakaja.

BARAKA: Wakaja na saveya. Shangazi anasema alikuwa anaanika nguo. Aliona vijana watatu na mtu mwenye kamba ya kupimia, wakamsalimu kwa adabu kabisa, wakaanza kupima kutoka pale choo kilipo. Mkubwa wao akamwambia, "Mama, baba hakutuambia aliuza. Tuonyeshe karatasi." Akawaletea hii. Kijana akaigeuza, akatazama ukurasa wa mwisho, akasema, "Mbona wewe hujasaini?"

NEKESA: Uuu. Mtoto wa watu.

BARAKA: Alinipigia simu usiku ule. Sijawahi kumsikia shangazi akilia hivyo, hata mjomba alipotutoka.

NEKESA: Pole zake, na pole zako. Ndiyo maana mimi husema agrimenti haiandikwi kwa ajili ya muuzaji anayekunywa chai kwako. Inaandikwa kwa ajili ya siku ambayo hayupo, na aliyekuja mahali pake hakujui. Wakili alimwambia nini?

BARAKA: Kwanza alimwambia ukweli: kwa mkataba huu peke yake hakuna kesi. Halafu akamwambia kuna mlango mwingine.

NEKESA: Amana, ile wanasheria wanaita "trust": mali iko kwa jina la mtu mmoja, lakini anaishika kwa ajili ya mwingine. Kifungu kile kile cha 3(3) kimeacha nafasi. Kinasema hakizuii amana ambayo mahakama huitambua kutokana na mwenendo wa watu. Kwamba mtu alipokea pesa yako, akakuingiza kwenye nyumba, akakuangalia ukijenga, basi dhamiri haimruhusu kugeuka, na waliorithi mali yake wanairithi ikiwa na mzigo huo. Mwaka wa 2018 Mahakama ya Rufaa ikiketi Eldoret ilitumia msingi huo kwa mauziano ya shamba yaliyokosa idhini ya bodi ya ardhi, ile inayoidhinisha mauziano ya ardhi ya kilimo. Kwa hivyo mlango upo. Lakini sikilizeni vizuri: kuupita ni kazi. Mwenye mkataba kamili anaonyesha karatasi. Mwenye kutegemea amana anathibitisha maisha yake yote.

BARAKA: Ndivyo ilivyokuwa. Tulitafuta taarifa ya benki ya 2014. Bili za stima. Risiti ya mabati iliyofifia mpaka tukaisoma kwa kuiinua kwenye dirisha. Fundi wa choo tulimpata Njoro. Zile laki tano za mkononi hazikuwa na ushahidi wowote, isipokuwa mjane wa muuzaji, ambaye Mungu ambariki, alisema, "Nilizihesabu mimi."

NEKESA: Huyo mjane alikuwa ametia sahihi popote?

BARAKA: Hapana.

NEKESA: Hilo nalo ni pengo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mume na mke. Huyu alisema kweli, lakini angeweza pia kusema, "Mimi sikuulizwa," na sheria ingemsikiliza. Ukinunua nyumba wanayoishi watu, mke au mume aandike ridhaa yake na aitie sahihi.

BARAKA: Mwishowe iliishia kwenye mirathi. Jina la shangazi liliingizwa kwenye kesi ya mirathi kama mtu anayeidai mali ya marehemu, watoto wote watano wakakubali kwa maandishi, na kipande chake kikatajwa mahakama ilipothibitisha mgawanyo. Hiyo ni 2022. Lakini kabla ya kukubali, vijana waliomba waongezwe laki mbili. Akatoa. Alilipia sehemu ya nyumba yake mara ya pili.

NEKESA: Na hapo nizungumze na watu wetu wa magharibi, kwa sababu mimi ni wa Webuye na hili naliona nyumbani kila Desemba. Shamba lina jina la babu aliyekufa zamani, mjukuu mmoja anakata robo ekari anauza, anatia sahihi vizuri kabisa na mashahidi wanne. Hiyo sahihi haina nguvu, kwa sababu aliyeitia si mwenye mali. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hairuhusu ardhi ya marehemu iuzwe kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi, ile inayompa mtu mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu. Kujiingiza kwenye mali ya marehemu ni kosa la jinai, hata kifungo cha mwaka mmoja kipo. Kwa hivyo kabla ya kalamu, fanya sachi, yaani ukaangalie kwenye ofisi ya ardhi mali ni ya nani. Jina kwenye hati na jina kwenye kitambulisho cha aliyeketi mbele yako yafanane.

BARAKA: Na kama ni ardhi ya kilimo?

NEKESA: Bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Ni hilo tu. Nyumba nyingi pembezoni mwa Nakuru zimesimama juu ya ardhi ambayo kwenye daftari la ardhi bado ni ya kilimo, usiangalie lami ukadhani ni mjini.

BARAKA: Dada, tuna ujumbe wa msikilizaji kutoka Kisumu, Mamboleo. Anasema alinunua nyumba miaka mitatu iliyopita, karatasi yake ina sahihi yake na ya muuzaji, lakini hakuna shahidi hata mmoja. Muuzaji yuko hai na wanaelewana. Rafiki yake amemshauri atafute watu wawili watie sahihi sasa, kwa tarehe ya zamani.

NEKESA: Asifanye hivyo. Nakuomba, ndugu yetu wa Mamboleo, usifanye hivyo. Hiyo ni kughushi, na utakuwa umeigeuza karatasi pungufu kuwa karatasi ya uongo. Mkaandike mkataba mpya kwa wakili, kwa tarehe ya leo, useme wazi: tuliuziana siku fulani, pesa kiasi fulani zilishalipwa, nyumba ilishakabidhiwa. Mtie sahihi wote wawili, mke wa muuzaji naye, mashahidi wakiwa wamekaa pale wanatazama. Kila ukurasa muweke herufi za kwanza za majina yenu. Halafu siku hiyo hiyo muuzaji atie sahihi fomu ya kuhamisha umiliki, aache na picha zake, nakala ya kitambulisho na ya PIN, namba yake ya kodi. Ushuru wa stempu, ule unaolipwa wakati wa kuhamisha umiliki, ni asilimia 4 ya thamani mjini, asilimia 2 mashambani. Jipangeni na pesa hizo mapema, kwa sababu ndizo zinazowafanya watu waseme "tutaenda mwaka ujao."

BARAKA: Na muuzaji akisema ana shughuli?

NEKESA: Mfuate alipo, na wakili, na kalamu.

BARAKA: Shangazi alipopata hati yake, hakuiangalia mbele. Aliigeuza kwanza, akatafuta mahali pa sahihi.

NEKESA: Aliiona?

BARAKA: Nilimwonyesha jina lake. Akapitisha kidole juu yake, akairudisha kwenye bahasha.