Daftari la Baba Mkwe Wangu, Shabiki wa Cubs

Assalaam aleikum ndugu watazamaji, na shikamoo wazee wangu wa Tanga. Leo sitawatembeza madukani wala sitawaonyesha theluji ya Chicago kama mlivyozoea. Wiki mbili zilizopita tulimzika baba mkwe wangu, mzee wa miaka 79, na kwa kuwa wengi wenu mlizoea kumwona nyuma yangu katika video hizi, ameketi kwenye kiti chake cha kahawia na kofia yake ya buluu ambayo hakuivua hata mezani, mmeniletea salamu za pole nyingi mno kiasi kwamba siwezi kuzijibu moja moja. Naomba niwasimulie alikuwa mtu wa namna gani.

Alikuwa dereva wa basi, baba wa mabinti watatu, na shabiki kindakindaki wa Chicago Cubs, timu ya besiboli ya upande wa kaskazini wa jiji hili. Kwetu Simba na Yanga zimeshatufundisha maana ya kupenda timu, lakini hebu pigeni hesabu hii: Yanga ilipoanzishwa mwaka 1935, Cubs walikuwa wamekwisha kukaa miaka 27 bila ubingwa, na hawakuupata tena hadi mwaka 2016. Baba alizaliwa Oktoba 1945, mwezi ule ule Cubs walipocheza fainali na kushindwa na Detroit, na inasimuliwa kwamba mwenye baa mmoja, William Sianis, alikwenda uwanjani na mbuzi wake, akakataliwa, akaondoka akiilaani timu. Sisi watu wa Tanga hadithi ya namna hiyo hatuhitaji kufafanuliwa. Mapenzi yake kwa Cubs yalianzia kwa Ernie Banks, mchezaji mweusi wa kwanza wa timu hiyo, aliyeanza kuichezea mwaka 1953 Baba akiwa na miaka 7.

Uwanja wao, Wrigley Field, ulifunguliwa mwaka 1914 lakini haukuwa na taa hadi Agosti 1988, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo Cubs walicheza nyumbani mchana tu. Baba akaomba zamu ya alfajiri, ile ambayo wenzake waliikimbia kwa sababu ya baridi, akawa anatoka nyumbani saa tisa usiku ili mchana awe amekwisha kazi. Aliwapitia mabinti shuleni, akawapikia, kisha wakakaa wote wanne karibu na redio. Mke wangu anasema alifika darasa la tano ndipo akagundua kwamba baba za watoto wengine hawaonekani nyumbani mchana.

Sasa tazameni hili daftari. Nalisogeza karibu na kamera. Kila mechi aliyoifuatilia aliiandika kwa penseli, na anayo madaftari yaliyojaza masanduku mawili. Kila mchezaji anayelinda uwanja ana namba ya nafasi yake: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, anayelinda kituo cha kwanza ni 3, anayelinda kituo cha tatu ni 5. Mpira ukiokotwa na wa 5 akamrushia wa 3 kabla mpigaji hajafika kituoni, mpigaji ametolewa, na katika kisanduku chake unaandika 5-3. Aliyeshindwa kuupiga mpira mara tatu unamwandikia K. Hayo anayaandika kila mwenye daftari. Ya Baba yalikuwa pembeni, katika ukingo wa karatasi, kwa herufi ndogo: binti wa pili ameota jino, mama yao amerudi kutoka hospitali, anakula supu. Ukurasa wa siku niliyoletwa nyumbani kwa mara ya kwanza umeandikwa: "Kijana wa Tanzania. Anakula vizuri. Hajui K ni nini."

Mwaka 2016 Cubs walipoingia fainali, watu walimiminika Wrigley Field na chaki, wakaandika kwenye kuta za matofali majina ya wazee wao waliofariki bila kuuona ubingwa. Tulikwenda naye. Aliandika jina la baba yake, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama, kisha akarudi kunyoosha herufi moja iliyokaa upande.

Mechi ya saba, ya mwisho ya fainali hiyo, ilichezwa Cleveland usiku wa Novemba 2. Cubs walikuwa wametoka nyuma, kwani walikuwa wamefungwa mechi tatu na kushinda moja, wakasawazisha. Usiku huo waliongoza, wakafikiwa, raundi tisa zikaisha kwa sare ya 6-6, mvua ikanyesha na mchezo ukasimama kwa dakika 17. Waliporejea katika raundi ya kumi wakapata mbili, Cleveland wakarudisha moja, ikawa 8-7. Huku ilikuwa yapata saa sita kasorobo usiku, kwetu Tanga saa mbili kasorobo asubuhi, na mama yangu, ambaye hana habari na besiboli, akapiga simu kama alivyozoea kunipigia akimaliza chai.

Nikaikata. Baba akanitazama.

"Nani huyo?"

Nikamwambia ni mama, nitampigia baadaye. Akachukua rimoti, akaizima sauti ya televisheni katika dakika ambazo alizingoja maisha yake yote, akasema, "Mpigie. Mimi nimezoea kungoja." Basi nikampigia, tukasalimiana, mama akaniuliza kama nimekula, na nilikuwa bado namweleza tulichokula pale Kris Bryant, wa 5 wa Cubs, alipouokota mpira, akateleza kidogo kwenye majani, akamrushia Anthony Rizzo, wa 3, na mpigaji wa mwisho akatolewa. Mabinti walipiga kelele. Mama akauliza kuna nini huko, kuna msiba? Nikashindwa kumjibu, kwa kuwa Baba hakuruka wala hakupiga kelele. Alikuwa ameinamia daftari lake, anaandika.

Ukurasa wenyewe ni huu. Kisanduku cha mwisho kina 5-3, penseli imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka. Na hapa ukingoni, mama, kama unatazama, kaandika: "Mama wa Tanga amepiga simu. Hajambo."