Ndege ya rimoti kwa fomubodi tatu: kuunda, kusawazisha, kurusha

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Hapa mezani kuna fomubodi tatu, yaani mbao za povu zilizofunikwa karatasi pande zote mbili, za ukubwa wa A1, zile za unene wa milimita 5 zinazopatikana kwenye maduka ya vifaa vya shule. Mpaka mwisho wa video hii zitakuwa ndege yenye upana wa sentimita 120 kutoka ncha hadi ncha ya mabawa, na mtaiona ikiruka hapa nje kidogo ya mji wa Dodoma.

Ni ndege ya kujifunzia. Inakwenda polepole, na ukiachia stiki, yaani kijiti cha rimoti, inajinyoosha yenyewe. Ina mota, ina usukani mkiani wa kuigeuza kushoto na kulia, na ina kibao kingine cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua, ambacho nitakiita eleveta. Basi. Kwenye mabawa hakuna kinachocheza.

Naomba msiruke kwenda moja kwa moja sehemu ya kurusha. Nimeshuhudia ndege nyingi zikivunjika ndani ya sekunde tano za kwanza, na karibu zote zilikuwa zimeshaharibika mezani kabla hazijaguswa na upepo. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa mojawapo, nitawaeleza tukifika hapo.

Vifaa vya umeme ni hivi. Mota isiyo na brashi ya aina ya 2212, yenye namba 1000KV, yaani mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti. Propela ya inchi 10 kwa 4.5. Kidhibiti cha mota cha ampea 30, madukani ukisema ESC wanakuelewa. Sevo mbili ndogo za gramu 9, hizi ndizo mota za kusukuma vibao vya mkiani. Rimoti ya gigahezi 2.4 na risiva yake, kipokezi kinachokaa ndani ya ndege. Betri ya LiPo ya seli tatu, volti 11.1, yenye uwezo wa miliampea-saa 2200. Vingine mnavyo nyumbani au jirani: gundi ya moto, kisu cha kukatia karatasi chenye wembe mpya, vijiti vya mishikaki, tyubu kuukuu ya baiskeli, kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake. Supaglu iwekeni mbali kabisa, inayeyusha hili povu.

Tuanze na mabawa. Kila bawa linatoka kwenye fomubodi yake: kata kipande cha sentimita 60 kwa 42. Upande utakaokuwa ndani, chambua karatasi yote. Pitisha kitambaa chenye maji kidogo, subiri dakika chache, halafu vuta taratibu kama unavyoona hapa. Msione uvivu kwenye hatua hii. Karatasi ndiyo yenye uzito kwenye fomubodi, povu lenyewe ni jepesi sana, na kila gramu unayoiondoa sasa itakushukuru siku ya kutua.

Sasa piga mstari sentimita 20 kutoka ukingo mmoja. Upande wa 20 utakuwa chini, bapa. Upande wa 22 unapanda juu na kupinda. Kwenye mstari chonga mfereji wa umbo la V, bila kugusa karatasi ya nje. Ule upande wa juu uvute kwenye ukingo wa meza mara kadhaa uanze kujikunja wenyewe. Ndani, sentimita 6 kutoka mbele, simamisha uti wa bawa: vipande viwili vya fomubodi vilivyogandishwa pamoja, urefu 60, kimo sentimita 1.5. Gundi kwenye uti, gundi kwenye ukingo wa nyuma, kunja, kandamiza, hesabu mpaka sitini. Usiachie mapema. Bawa likiganda likiwa limejisokota, litakusumbua maisha yake yote, kwa hiyo litazame kutoka nyuma na uhakikishe kingo mbili zimelingana.

Kuunganisha mabawa mawili kunahitaji pembe. Laza moja mezani, inua ncha ya lile jingine mpaka sentimita 12 kutoka mezani, weka vitabu chini yake. Katikati ingiza kipande cha plaiwudi ya milimita 3, urefu wa sentimita 30, kilichokatwa kwa pembe hiyohiyo. Huku kuinuka kwa mabawa ndiko kunakofanya kazi ya ailaroni, vile vibao vinavyocheza nyuma ya mabawa ya ndege nyingine. Ukipiga usukani kulia, ndege inageuza uso kidogo, bawa la kushoto linakutana na upepo zaidi, linapanda, na ndege inalala kulia kwa adabu.

Kiwiliwili sitakichelewesha. Ni boksi la urefu wa sentimita 80, ubavu wa sentimita 9 sehemu ya bawa, ukipungua hadi 4 mkiani. Mkia wa kulala ni sentimita 40 kwa 12, na sentimita 3 za nyuma ndizo eleveta. Mkia wa kusimama ni 18 kwa 13. Bawaba zake ni karatasi yenyewe: kata upande mmoja wa karatasi na povu, acha karatasi ya upande wa pili, kisha chonga ukingo kwa mshazari ili kibao kicheze. Mikono ya kusukumia, ile midogo inayobandikwa kwenye usukani na eleveta, ninaikata kwenye ile kadi ya plastiki. Fimbo za kutoka kwenye sevo ni vijiti vya mishikaki, ncha zake nimefungia waya wa klipu kubwa za karatasi.

Bawa linakaa juu ya kiwiliwili na kufungwa kwa pete zilizokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Sigandishi kwa gundi. Ndege ikigonga ardhi, pete zinaachia na bawa linateleza badala ya kuvunjika.

Jambo dogo lenye faida kubwa: chini ya ukingo wa mbele wa bawa weka kipande cha kuinua milimita 7 kuliko ukingo wa nyuma. Mkia wa kulala uache sambamba na kiwiliwili. Maana yake bawa linatazama juu kidogo kuliko mkia. Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1871, kwenye bustani ya Tuileries mjini Paris, Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha kindege chake kilichozungushwa na mpira uliosokotwa, kikaenda kama mita 40 kwa sekunde 11, kikijisawazisha chenyewe bila mtu kukishika. Siri ilikuwa mkia uliowekwa kwa pembe tofauti na bawa. Miaka 32 kabla ya ndugu Wright kuruka! Kila ninapobandika kipande hiki cha milimita 7 huwa namkumbuka.

Mota inakaa puani kwenye plaiwudi, ikitazama chini kidogo na kulia kidogo, digrii 2 au 3. Weka washa moja, ile pete bapa ya skrubu, nyuma ya skrubu za juu na moja upande wa kushoto. Bila hivyo, ukiongeza mwendo ndege inavutwa kushoto. Nyaya tatu za mota zinaingia kwenye kidhibiti, na mota ikizunguka kinyume badilisha zozote mbili. Kwenye risiva, kidhibiti kinakaa chaneli ya 3, eleveta ya 2, na usukani uweke chaneli ya 1. Hiyo ya 1 kwa kawaida ni ya ailaroni, lakini kwa kuwa hatuna, kugeuza na kupandisha vyote vitakuwa kwenye stiki ya kulia, mkono mmoja. Kwa anayeanza ni nafuu kubwa.

Propela bado. Inafungwa mwisho kabisa, tukiwa uwanjani. Propela hii inazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika na haitofautishi hewa na kidole.

Betri nayo ina heshima yake. Seli ya LiPo ikijaa inafika volti 4.2, na ikishuka chini ya 3.0 inaharibika. Hii ya 2200 ichaji kwa ampea 2.2, juu ya sakafu ya vigae au ndani ya chungu, na ukae karibu nayo. Ikivimba, usiitumie tena. Na kwa jua letu la Dodoma, kuiacha ndani ya gari mchana ni kuitafutia moto.

Sasa tunafika kwenye kitu nilichotaka mje kukisikia. Msawazo.

Geuza ndege, pima sentimita 5 kutoka ukingo wa mbele wa bawa, karibu na kiwiliwili, chora alama pande zote mbili. Chora nyingine kwenye sentimita 6. Betri iwe mahali pake, kila kitu kiwe ndani. Igeuze tena, weka ncha za vidole viwili kwenye alama za 5, inua. Inatakiwa itulie sawa, au pua iiname kidogo. Ikikaa vizuri kwenye 6, bado uko salama. Ikidai kwenda nyuma zaidi ya hapo, usirushe.

Mmewahi kuona baiskeli iliyofungwa magunia ya mkaa yote nyuma? Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, ukigeuza usukani haitii, na mlimani inataka kusimama kwa gurudumu la nyuma. Ndege yenye mkia mzito iko hivyohivyo. Ukiirusha inainua pua, unasukuma stiki, inazama ghafla, unavuta, inainuka kupita kiasi, inaishiwa mwendo na kuanguka kama jiwe. Ndivyo ilivyokufa ya kwangu ya kwanza. Betri niliiweka nyuma kwa sababu sehemu ya mbele ilikuwa imebana, nikasema itajirekebisha ikiwa hewani. Wiki tatu za jioni zangu zilikwisha nikiwa sijahesabu hata tano, na mtoto wa dada yangu aliyenisaidia kukata kila kipande alikuwa amesimama pale anaangalia. Sijasahau uso wake.

Dawa ni kusogeza betri, kwanza kabisa betri. Ndiyo maana sehemu yake nimeiacha ndefu, sentimita 20, yenye mkanda wa kunata. Betri ina karibu gramu 180, ukiisogeza sentimita 2 tu utaona tofauti. Usikimbilie kubandika vyuma puani. Pua ikiwa nzito kidogo hakuna msiba: ndege itataka uvute stiki kidogo na itatua kwa kasi zaidi, lakini itakusikiliza. Ukimaliza, iweke kwenye mizani ya jikoni. Hii ya leo imetoka gramu 790. Msizidi 850.

Ukaguzi wa mwelekeo. Simama nyuma ya ndege, mkia uwe upande wako. Stiki kulia: usukani ulale kulia. Vuta stiki kuja kwako: eleveta ipande juu. Rudia ukitamka kwa sauti, maana macho yana mazoea ya kuona yanachotarajia. Kikienda kinyume, kwenye menyu ya rimoti kuna sehemu ya kugeuza chaneli. Eleveta icheze sentimita 1.2 juu na chini, usukani sentimita 2 kila upande, isizidi. Halafu, propela ikiwa bado haijafungwa, zungusha mota na uzime rimoti ghafla. Mota lazima isimame. Isiposimama, rekebisha kabla hujaondoka nyumbani.

Kuhusu mahali. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko mjini, kwa hiyo mimi natoka mbali, kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na mwenye shamba nimemwomba. Kuhusu ruhusa, waulizeni mamlaka za usafiri wa anga: kwa Tanzania TCAA, kwa Kenya KCAA, ambao wana kanuni zao za mwaka 2020. Ulizeni kabla ya siku yenyewe. Ndege inayoongozwa kwa rimoti ni jambo la mamlaka hizo hata kama umeitengeneza kwa fomubodi, na helikopta ya hospitali ikipita chini haijui kwamba wewe unajifunza.

Saa ni moja kasorobo asubuhi. Upepo wa Dodoma mnaujua, ikifika saa nne vumbi linatembea. Na tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar, kwa hiyo ndege inahitaji mwendo zaidi kidogo ili ibebwe. Ndiyo sababu ya kupigania kila gramu.

Kwanza bila mota, propela bado mfukoni. Kwenye nyasi ndefu, uso kwenye upepo, irushe kama mkuki mwepesi, pua ikitazama sehemu ya mbali ardhini. Mnaona? Imeteleza imenyooka, imetua yenyewe. Ingeinua pua, ningesogeza betri mbele. Ingepiga mbizi, ningerudisha nyuma kidogo, bila kuvuka alama ya 6.

Sasa propela. Msaidizi anairusha, mimi vidole viko kwenye stiki. Uso kwenye upepo, mwendo robo tatu, hesabu, tupa sawa na ardhi, usielekeze juu. Imeshika. Sigusi chochote... inapanda polepole... mita 30, 40, kama kimo cha mbuyu mara mbili. Hapo napunguza hadi nusu. Ukikosea juu una muda wa kurekebisha, chini huna.

Geuza mapema, kwa stiki ndogo, uiachie ijinyooshe. Ikirudi kuelekea kwako, kulia na kushoto kunageuka, na hapo ndipo wengi wanapoichoma ardhini. Fanya hivi: bawa lililoshuka, sukuma stiki upande huohuo unaoliona limeshuka. Kama unaliwekea mkono chini ulinyanyue. Usifikiri zaidi ya hapo.

Alamu imelia, dakika 8. Naizungusha mpaka iwe uso kwenye upepo, napunguza mwendo, inashuka bila mimi kuisukuma. Mita moja kutoka chini nazima mota, navuta stiki kidogo tu... imelala kwenye nyasi.

Chomoa betri kwanza, ndipo uzime rimoti. Betri ni vuguvugu, si ya moto. Kipimo kinasema volti 11.4, yaani 3.8 kwa kila seli, na hicho ndicho kiwango cha kuihifadhia, kwa hiyo siichaji tena mpaka Jumamosi ijayo. Nachukua kalamu, nachora mstari ubavuni mwa kiwiliwili pale betri ilipokaa, na kuandika tarehe ya leo.