Wimbi Nyuma ya Leza

KASSIM: Zuhura, jana saa tano usiku umenitumia ujumbe wa sauti: "Nimepata boti ya mwanga." Nikasema basi, dada yetu kachanganyikiwa.

ZUHURA: (anacheka) Sijachanganyikiwa. Umewahi kupanda boti ya Zanzibar ukasimama nyuma?

KASSIM: Mara nyingi tu. Huwa natapika.

ZUHURA: Basi katikati ya kutapika umeyaona yale maji. Boti imeshapita, ila wimbi linaifuata kwa mwendo uleule. Mwaka 1979 Toshiki Tajima na John Dawson, kule Los Angeles, walipendekeza jambo hilo lifanywe kwa leza, ili kuongeza mwendo na nishati ya elektroni. Boti ni mpigo mfupi wa mwanga. Bahari ni plazma, yaani gesi ambayo elektroni zake zimeng'olewa kwenye atomi.

KASSIM: Kazing'oa nani?

ZUHURA: Leza yenyewe inaweza. Ukingo wa mbele tu wa mpigo unatosha kuzichomoa. Kilele kikifika, kinazisukuma pembeni. Ioni, yaani atomi zilizobaki bila elektroni zake, hazisogei, maana hata ya haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote, ina uzito wa elektroni 1,836 hivi. Sasa nyuma ya mpigo kuna pango lenye chaji chanya.

KASSIM: Elektroni si zitarudi?

ZUHURA: Mbio! Tena zinapitiliza, zinageuka, zinarudi tena. Wimbi ndilo hilo. Elektroni ikidakwa mahali pazuri ndani yake, inabebwa.

KASSIM: Kwa nini leza isiisukume yenyewe, biashara ikaisha?

ZUHURA: Mwanga hutikisa, bwana. Uga wake wa umeme unaivuta elektroni huku, mara unaivuta kule. Mpigo ukishapita, karibu faida yote imerudishwa. Wimbi la plazma linavuta upande mmoja, na linavuta kwelikweli.

KASSIM: Mpigo wenyewe mfupi kiasi gani?

ZUHURA: Ule wa maabara ya Berkeley, California, 2019, ulikuwa wa femtosekunde 35 hivi; femtosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa kwa milioni, kisha kwa bilioni. Mwanga, na mbio zake zote, katika muda huo unakwenda maikromita 10 tu. Chukua unywele wako...

KASSIM: Unajua sina.

ZUHURA: Haya, wangu. Unene wake ugawe mara kumi: huo ndio urefu wa boti yetu. Ikapita kwenye mfereji wa plazma wa sentimita 20, na elektroni zikatoka na GeV 7.8; GeV ni kipimo cha nishati ya chembe. Mashine ya kawaida ya kuharakisha elektroni, ile ya maabara ya SLAC, California, ilijengwa kwa urefu wa kilomita 3 na ushee, ikafikisha kama GeV 50. Kwa hesabu hiyo, 7.8 ingetaka nusu kilomita.

KASSIM: Sentimita 20! Rula ya mwanafunzi haijaisha!

ZUHURA: Ila wazo lilisubiri sana, kwa sababu leza ikizidi ukali inaunguza vioo vyake yenyewe. Mwaka 1985, Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, Donna Strickland na Gérard Mourou wakaurefusha mpigo ndani ya uzi wa kioo wa zaidi ya kilomita, wakaukuza ukiwa umetawanyika, kisha wakaubana. Kama fundi anayepitisha kabati kwenye mlango mwembamba: analifungua, anapitisha mbao, analiunga ndani. Nobeli wakaipata 2018.

KASSIM: Sasa mbona mashine za kilomita bado zinatumika?

ZUHURA: Elektroni hazitoki zote na nishati sawa. Halafu leza ile ya Berkeley hupiga mara moja kwa sekunde.

KASSIM: Mara moja? Hata moyo wangu nikiwa usingizini unaipita!

ZUHURA: Na wenye kazi wanataka maelfu.