Feruzi ya Samarkand: kaburi alilojengewa binti

SAIDA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo kaka Hamadi kaja na picha kwenye simu, na tangu tuketi hapa hajaacha kuikuza.

HAMADI: Siachi, dada! Huu ni ukuta wa kaburi la Shadi Mulk Aqa, Samarkand, nchini Uzbekistani. Limo kwenye uchochoro wa makaburi uitwao Shah-i-Zinda, na lilijengwa mwaka 1372. Hebu tazama hapa, katikati ya ua na jani lake.

SAIDA: Kumbe pana shimo! Mimi nilidhani ni rangi tu imepakwa juu ya kigae.

HAMADI: Fundi alichonga nakshi udongo ungali mbichi. Akauacha ukauke polepole usije ukapasuka, akauchoma. Ndipo akaupaka ile rangi inayogeuka kioo motoni, akaurudisha tanurini mara ya pili. Rangi ikiyeyuka huteremka. Kwenye miinuko hubaki nyembamba, mabondeni hutuama. Feruzi, hii buluu yenye ukijani, ni ileile moja, ila mabondeni imekoza na kwenye miinuko imepauka. Jua likisogea, ukuta mzima unabadilika. Mimi hapo ndipo roho yangu inapochukuliwa.

SAIDA: Na hiyo feruzi yenyewe inatoka wapi?

HAMADI: Kwenye shaba. Lakini shaba ukiichanganya na madini ya risasi inakupa kijani. Wao walitumia majivu ya mimea ya jangwani, yenye magadi mengi, na humo ndimo shaba inapotoa feruzi. Nyeupe waliipata kwa bati.

SAIDA: Huyo Shadi Mulk alikuwa nani?

HAMADI: Mpwa wake Timur, yule mtawala na mteka miji wa Asia ya Kati. Aliyemjengea ni mama yake mzazi, Turkan Aqa, dada yake Timur. Ukitaja Timur watu huwaza majeshi na miji iliyobomolewa. Hapa ni mama kafiwa na bintiye. Maandishi ya ukutani yanasema hii ni bustani ilimozikwa hazina ya bahati njema, na humu kaburini imepotea lulu ya thamani.

SAIDA: Lulu... Subhanallah. Nami nimekumbuka makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui, yaliyopachikwa mabakuli ya kaure ya Kichina. Huku kwetu pia marehemu alipewa kitu cha kung'aa.

HAMADI: Kweli kabisa. Tofauti ni kwamba yale mabakuli yalivuka bahari yakiwa tayari, yangeweza hata kupakuliwa wali. Vigae hivi vilichongwa kwa ajili ya ukuta huu tu. Hata mafundi waliacha majina yao, mmoja wao Shamsuddin.

SAIDA: Na mama je? Aliishia wapi?

HAMADI: Alifariki mwaka 1383. Akazikwa humohumo, pamoja na bintiye.