Hedifoni Haijafa, Betri Ndiyo Imechoka

Habari za jioni, ndugu zangu. Hedifoni zisizo na waya zinaletwa kwa fundi na maneno yaleyale: "Zamani zilikuwa zinamaliza siku nzima, sasa nusu saa tu zimezima." Mteja ameshakata tamaa. Ukifungua unakuta spika nzima, vitufe vizima, blututhi inashika vizuri. Kilichochoka ni kipakiti kimoja cha rangi ya fedha.

Ni betri ya lithiamu. Kila inapochajiwa na kutumika, lithiamu kidogo inanasa ndani na hairudi kazini. Baada ya chaji kamili 300 hadi 500 hivi, nyingi zimebaki na kama asilimia 80 ya uwezo wa mwanzo, na hapo mteremko umeanza. Joto linaharakisha. Ukiziacha kwenye dashibodi ya gari Dar mwezi wa Februari, usimlaumu aliyekuuzia.

Zile kubwa za kufunika sikio hazina taabu: toa sponji, chini yake kuna skrubu. Ukiiona betri usikimbilie dukani, isome kwanza. Utakuta tarakimu kama 602535, yaani unene milimita 6.0, upana 25, urefu 35. Hizo ndizo za kumtajia muuza spea Kariakoo. Volti ziwe sawa na za zamani, mara nyingi 3.7. Na ukionyeshwa betri ya ukubwa uleule imeandikwa mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) mara tatu ya ile uliyotoa, ujue kilichoongezeka nguvu ni karatasi ya juu tu. Hesabu na nyaya. Ukikuta wa tatu, mara nyingi ni wa kupima joto. Ukiweka betri isiyo nao, hedifoni zinaweza kukataa chaji.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyie wenye haraka. Usikate nyaya zote kwa mkupuo mmoja! Meno ya koleo ni chuma. Yakigusa nyekundu na nyeusi pamoja, umeipiga shoti betri mkononi mwako. Kata mmoja, ziba ncha kwa tepu, ndipo ukate wa pili. Kuchomelea risasi vilevile, mmoja mmoja. Rangi za nyaya usiziamini mpaka umepima kwa mita ya umeme. Na betri iliyovimba haichokolewi kwa bisibisi. Pitisha kadi ya plastiki chini yake, taratibu.

Vile vidogo vya kuchomeka masikioni ni habari nyingine. Galaxy Buds za Samsung zinafunguka, ndani mna betri ya mviringo unayoweza kuitoa. AirPods za Apple zimejaa gundi, kuzifungua ni kuziharibu. iFixit, wanaopima urahisi wa kutengeneza vifaa, walizipa sifuri kati ya 10. Msiniambie haiwezekani: mwaka 2024 kampuni ya simu ya Fairphone ilitoa Fairbuds, ambazo betri yake unabadili mwenyewe. Aliyeweka gundi aliamua kuweka gundi. Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni ya 2023/1542, unataka kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo, isipokuwa vichache, ziweze kutolewa na mtumiaji. Ni sheria ya kwao, lakini mzigo wetu sehemu kubwa unatoka viwanda vilevile.

Betri mliyoitoa msiitupe kwenye zile taka zinazochomwa nyuma ya maduka, inalipuka. Tepu kwenye ncha, chombo chake peke yake, kisha kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Haya, nani amekuja na hedifoni tuzifungue?